Ramani ya mkono kuingia kwenye kompyuta: ufuatishe, uiachie programu, uandike namba au ukapime upya?

Mtu akileta ramani iliyochorwa kwa mkono na kusema "naomba uniingizie kwenye kompyuta," anaweza kuwa anaomba kazi nne tofauti. Ya kwanza ni kuiweka picha ya ramani kwenye skrini na kuchora juu yake, mstari kwa mstari. Ya pili ni kuiachia programu isome picha na kuugeuza wino kuwa mistari. Ya tatu ni kuachana na mistari, kusoma vipimo vilivyoandikwa na kuchora upya kwa namba. Ya nne ni kubeba tepu, kwenda kwenye jengo lenyewe na kupima. Zote huishia kwenye faili la DWG au DXF (aina za faili za michoro ya kiufundi) linalofunguka vizuri na kupendeza macho, na hapo ndipo wengi wanapoponzwa: faili bovu na faili zuri hufanana kabisa mpaka siku fundi anapoanza kuchimba msingi.

Nitaje msimamo wangu mapema. Kwa nyumba nyingi za hapa Tanga, njia ya tatu ikisaidiwa kidogo na ya nne ndiyo inayolipa. Ya kwanza ni nzuri kwa kuonyesha umbo. Ya pili, ambayo ndiyo inayotangazwa sana, inafaa kazi chache kuliko watu wanavyodhani. Lakini zipo ramani zisizo na namba hata moja, na yapo majengo yaliyokwisha kubomolewa, kwa hiyo soma mpaka ufike penye karatasi inayofanana na yako.

Itazame karatasi kwanza

Mji huu una karatasi za zama tatu. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutokea hapa mwaka 1893, na wao walipima kwa mita. Waingereza wakaja na futi na inchi, na nyumba, maghala na ofisi za mashamba ya mkonge za wakati wao zikachorwa kwa vipimo hivyo. Baada ya uhuru nchi ikahamia kwenye mita, ramani zikaanza kuandikwa kwa milimita. Mafundi, hata hivyo, hawajaacha futi mpaka leo: chumba ni kumi kwa kumi na mbili, tofali ni la inchi 6.

Zama ya karatasi ina uzito wake kwenye kompyuta. Ramani ya Kiingereza iliyochorwa kwa moja ya nane ya inchi kwa kila futi ni ramani ya skeli 1:96, yaani kipimo kimoja cha karatasi ni 96 za jengo. Ukiitupia jicho unaona 1:100, maana tofauti haionekani. Ukiichukulia hivyo, ukuta wa mita 9.6 unakuwa mita 10 kamili. Sentimita 40 zimeongezeka, na hakuna programu itakayokushtua. Robo inchi kwa futi nayo ni 1:48, na huchukuliwa kimakosa kuwa 1:50 kwa namna hiyohiyo.

Tazama na wino. Kalamu za kuchorea kama zile za Rotring zilikuwa na unene maalumu: 0.25, 0.35, 0.5 na kuendelea, kwa milimita. Mstari wa 0.35 kwenye ramani ya 1:100 unafunika milimita 35 za jengo halisi. Hata ukiwa na mkono mtulivu kiasi gani, ukibofya juu ya mstari huo unachagua nukta yoyote ndani ya sentimita tatu na nusu. Tofali la inchi 6 lina milimita 150 tu. Yaani wino peke yake umekula karibu robo ya unene wa ukuta.

Kuna unyevu pia, na sisi wa pwani tunaujua. Karatasi ikivuta unyevu hutanuka, ikikauka husinyaa, na haifanyi hivyo sawasawa: hutanuka zaidi kwa kukatisha nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Ramani ikitanuka kwa asilimia 0.2 tu, upande wa milimita 600 unaongezeka milimita 1.2. Kwa skeli ya 1:100 hiyo ni sentimita 12 ardhini, tena kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Ramani zilizochorwa kwenye filamu ya poliesta hazisumbui sana kwa hili, lakini si nyingi majumbani.

Hatari kuliko zote ni fotokopi. Ramani ya A1 ikipunguzwa ili iingie kwenye A3, kila urefu unakuwa nusu. Maneno "SKELI 1:100" yanabaki palepale pembeni, ilhali karatasi uliyoshika sasa ni 1:200. Ukiona maandishi madogo mno kusomeka kwa ukubwa wa kawaida, shuku kwamba umeshika nakala iliyopunguzwa.

Skana au simu?

Skana, kama karatasi inaruhusu. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa ramani za majengo. Kwa kiwango hicho pikseli moja ni milimita 0.085 ya karatasi, sawa na milimita 8.5 za jengo kwenye 1:100, na hiyo tayari ni ndogo kuliko unene wa wino. Ukipanda hadi 600 faili linakuwa kubwa mara nne bila kukuongezea ukweli wowote. A1 moja kwa nukta 300 ni pikseli zipatazo milioni 70, mzigo ambao laptopu ya kawaida inaubeba. Hifadhi kwa TIFF au PNG. JPEG huacha vumbi kuzunguka kingo za mistari, na ukija kutumia programu ya kugeuza, vumbi hilo linageuka vijinywele.

Shida ni ukubwa. Skana ya stesheneri huwa ni ya A4, ukibahatika A3. A1 ni A3 nne, na kwa kuwa lazima vipande vipishane ili viungike, utafanya sita au zaidi. Kila kiungo ni nafasi ya kosa. Ukikosa skana kubwa ya roli hapa mjini, kuna Dar es Salaam, takriban kilomita 350, na kwa ramani ambayo haina nakala nyingine safari hiyo ina maana. Ila roli huivuta karatasi. Iliyochanika au iliyokauka ikawa inavunjika kwenye mikunjo usiipitishe humo hata kidogo. Hiyo ipigwe picha.

Simu inaweza kufanya kazi safi ikitendewa haki. Tandaza karatasi mahali pa mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja, na ibanwe pembe zote. Laza rula mbili za chuma, moja kwa urefu na moja kwa upana, ziingie kwenye picha. Simama mbali kisha vuta kwa lenzi ya kukuza, kwa sababu lenzi pana ukiikaribisha huipinda mistari ya pembeni. Simu ielekee karatasi bila kuinama. Zile rula mbili zitakuambia baadaye kama picha imetanuka kwa upande mmoja kuliko mwingine.

Picha ikitoka imepinda, wengi wanahangaika kuivuta kwa jicho. Ipo njia bora na ya bure: QGIS, programu ya ramani za ardhi, ina kifaa cha kuoanisha picha na vipimo halisi. Unabofya nukta unazozijua, unaandika majira yake, yaani namba zinazoonyesha mahali ilipo, nayo inainyoosha picha. Kwa karatasi iliyotanuka bila usawa chagua Polynomial 1, inayohitaji angalau nukta 3. Kwa picha ya simu iliyopigwa kwa mshazari chagua Projective, angalau nukta 4. Weka zaidi ya kiwango hicho cha chini, kwani hapo ndipo programu inapokuonyesha kila nukta imekosea kwa kiasi gani. Ukiona nukta moja imekosea sana kuliko wenzake, mara nyingi ni wewe uliyesoma namba vibaya.

Kufuatisha juu ya picha

Faida yake ni kwamba unapata umbo zima kwa haraka: ngazi ya kuzunguka, baraza lenye upinde, kiwanja chenye pembe za ajabu. Kwa mchoro wa kumwonyesha mteja, au wa kupanga samani, inatosha kabisa.

Udhaifu wake umeshaonekana kwenye hesabu ya wino. Juu ya hapo, karatasi iliyolala upande kidogo inakupa kuta za nyuzi 89.6 badala ya 90, vyumba visivyofunga pembeni, na milango miwili iliyopaswa kulingana ikatofautiana kwa sentimita. Dalili ya faili lililofuatishwa tu ni rahisi kuiona: bofya ukuta, usome urefu. Ukikuta 3,587.42 mahali ambapo mchoraji wa zamani aliandika 3,600, umeshajua.

Ukiamua kufuatisha, skeli uiweke kwa kipimo kirefu kuliko vyote vilivyoandikwa. Watu hupenda kutumia mlango kwa sababu "mlango ni sentimita 90." Kosa la milimita 35 kwenye mlango wa 900 ni karibu asilimia 4, na asilimia hiyo itasambaa nyumba nzima. Kosa hilohilo kwenye urefu wa mita 12 halifiki asilimia 0.3. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, amri ya ALIGN huzungusha na kuweka skeli kwa pamoja ukiipa nukta mbili. Ukishamaliza, pima kipimo kingine kilichosimama wima dhidi ya kile cha kwanza. Kikikataa, karatasi ilitanuka upande mmoja, urudi kule kwenye QGIS.

Kuiachia programu

Hapa matangazo ni mengi: pakia picha, subiri, chukua faili. Nieleze kinachotokea ndani ili uamue mwenyewe.

Programu inaona pikseli nyeusi na nyeupe. Haijui ukuta, haijui dirisha. Inkscape, ambayo ni ya bure, kwa kawaida huzunguka kingo za kila doa jeusi kwa kutumia Potrace, kiprogramu cha kugeuza picha kuwa mistari, kwa hiyo mstari mmoja wa kalamu unatoka ukiwa mistari miwili, mmoja kila upande wa wino. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 ina pia chaguo la kufuata katikati ya mstari, na hilo ni afadhali sana. WinTopo, Scan2CAD na Raster Design ya Autodesk zimetengenezwa mahsusi kwa michoro ya kiufundi, zinajitahidi kutambua duara, tao na mstari ulionyooka.

Hata hizo, kwenye ramani ya nyumba iliyochoka, hukuachia kazi. Pembe ya ukuta inatoka imeviringika. Mstari wa vipandevipande wa paa unakuwa vijistari mia visivyohusiana. Maandishi yanakuwa michirizi. Doa la chai linakuwa umbo lenye pembe ishirini. Na kila urefu ni ule wa wino, wala si ule ulioandikwa. Kusafisha yote hayo kwa ramani ya vyumba vitatu ni kazi ndefu kuliko kuichora upya kwa namba, nalisema hili bila kusitasita.

Zimeingia pia huduma za akili mnemba zinazopewa picha ya ramani na kurudisha kuta na milango ikiwa imesimama, yaani ikiwa na kimo. Kwa kuonyesha sura ya nyumba zinasaidia. Kwa vipimo nyingi bado zinahitaji uziambie skeli, na bado zinafuata mstari.

Jambo lingine linalowasumbua watu ni PDF. AutoCAD ina amri ya PDFIMPORT, na mtu hujaribu kuitumia kwa PDF iliyotoka kwenye skana. Ile ni picha iliyovishwa nguo ya PDF, haina mistari ndani yake ya kutolewa. Amri hiyo hufanya kazi kwa PDF iliyotoka kwenye programu ya kuchorea.

Njia hii inashinda pale umbo linapokuwa refu, la kupindapinda, na lisilo na namba: mistari ya mwinuko kwenye ramani ya shamba la milimani, ukingo wa mto, au nakshi za mlango wa kuchonga kama ile ya Bagamoyo ambayo mtu anataka kuikata kwa mashine. Kufuatisha maua na minyororo ya mlango kwa kipanya ni mateso. Hapo iachie programu, usafishe kidogo, ufurahie.

Kuandika namba

Kanuni ya wachoraji ni ya zamani kuliko kompyuta: kipimo kilichoandikwa kinashinda mstari uliochorwa. Ramani nyingi zina onyo pembeni kwamba usipime kwa rula, ufuate namba. Aliyechora alijua karatasi itatanuka na kalamu itateleza, ndiyo maana aliandika.

Kazi inakwenda hivi. Picha unaiweka pembeni au chini, imefifishwa, kama mwongozo wa umbo tu. Kisha unachora kwa kuandika urefu kwa kibodi, kwa ukubwa halisi wa jengo. Skeli inakuja wakati wa kuchapa, si kabla. Uzuri mkubwa ni kwamba namba zinachungana zenyewe.

Chukua safu moja ya vipimo vya nyumba ya vyumba vitatu mbele. Ukuta 150, chumba 3,600, ukuta 150, ukumbi 2,700, ukuta 150, chumba 3,600, ukuta 150. Jumla 10,500. Mstari wa nje umeandikwa 10,500. Safi. Sasa tuseme mkunjo wa karatasi umepita juu ya ile 2,700 na wewe umesoma 2,100, maana 7 na 1 za mkono wa haraka ni ndugu. Jumla yako inakuja 9,900. Umepungukiwa 600. Hakuna haja ya kukisia: tafuta namba ambayo ikiongezwa 600 bado inafanana na wino uliopo. Kufuatisha hakukupi ulinzi huu, programu ya kugeuza haikupi, hata kupima kwa tepu hakukupi mpaka ujumlishe.

Kwa ramani za futi, nina ombi kwa kila anayefanya kazi hii: usibadilishe namba mojamoja kichwani. Futi 12 ni milimita 3,657.6. Ukiandika 3,600 kwa sababu inapendeza, umepoteza 57.6, na vyumba vitatu vya mstari mmoja vimepoteza karibu 173, zaidi ya unene wa ukuta. Chora ramani nzima kwa inchi kama ilivyo, hakikisha jumla zote zinakubali, ndipo uikuze yote mara moja kwa 25.4. Utapata milimita sahihi bila kugusa namba hata moja.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja lakini ni mzito. Inakupa nyumba iliyokusudiwa. Iliyojengwa inaweza kuwa nyingine. Kwenye nyumba moja ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, nilimwuliza mwenyewe:

"Shikamoo mzee. Hapa kwenye ramani pana ukuta, mbona siuoni?"

"Marahaba. Tuliutoa, mwanangu. Dada yako alipokuwa anaolewa tukataka ukumbi uwe mkubwa, wageni waenee."

Ukuta ule ulikuwa umeandikwa vizuri, jumla zake zilikubali, na haukuwepo.

Kupima upya

Kama jengo lipo na linaingilika, hakuna karatasi inayolishinda. Kipimo cha leza cha kawaida hukosea kwa takriban milimita 2 tu. Gharama yake ni muda, watu wawili, ngazi, na ruhusa ya kuingia kila chumba, kikiwemo kile ambacho mpangaji amefunga na kusafiri.

Kosa la kawaida ni kupima pande nne za chumba na kudhani umemaliza. Pande nne zinaweza kusimama wima au kulala kama kitanda kilicholegea; ulalo, yaani kipimo cha kona hadi kona ya mkabala, ndio unaozifunga. Chumba cha 3,600 kwa 3,000 chenye pembe za kweli kina ulalo wa 4,686. Ukipima ukapata 4,720, chumba kimekaa upande na faili lako lazima likae upande vilevile. Kosa jingine ni kujumlisha vipande vidogovidogo kwenye ukuta mrefu. Funga sifuri ya tepu kwenye kona moja, usome kila dirisha na kila mlango ukitokea hapohapo, ili kosa la kipande kimoja lisirithiwe na kinachofuata.

Na ukilinganisha na ramani, kumbuka lipu. Ukuta ulioandikwa 150 ni tofali tupu. Lipu ya milimita 15 kila upande inaufanya 180, na chumba nacho kinapungua kwa 30. Tofauti ya namna hiyo ikijirudia kila chumba, ramani na nyumba vinakubaliana, usibadilishe kitu. Unene wenyewe usome penye mlango au dirisha.

Kwa hiyo wewe uchague ipi?

Nyumba ya familia ya Ngamiani au Makorora unayotaka kuiongezea vyumba uani: andika namba, kisha nenda na tepu kwa vipimo vichache tu. Urefu na upana wa nje, milalo miwili, na ule ukuta ambao ujenzi mpya utaugusa upimwe kwa ukamilifu, madirisha yake na kimo cha lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) yakiwemo. Sehemu nyingine za nyumba zinaweza kubaki kama ramani inavyosema, mradi umeuliza nini kilibadilishwa.

Jengo la mawe la zamani, kama hospitali ya Wajerumani pale Bombo au Boma la Kale lenye makumbusho ya Urithi, ni habari nyingine, na hapa naomba uangalifu mkubwa. Skani karatasi kwa ubora wote unaowezekana, ifuatishe kwenye leya yake (tabaka la mchoro unaloweza kuliwasha na kulizima), kisha pima jengo na uchore kwenye leya nyingine. Usinyooshe kuta. Ukuta wa mawe na chokaa hauna unene mmoja kutoka kona hadi kona, na anayeunyoosha ili faili lipendeze anafuta alichoacha fundi aliyeujenga. Pale leya mbili zinapopishana, dirisha lililozibwa au chumba kilichoongezwa huonekana wazi, na mhifadhi anahitaji kuona hilohilo.

Kipuri cha mashine, tuseme cha mtambo wa kuchakata mkonge, ambacho karakana inataka kukichonga upya: namba peke yake. Kufuatisha ni marufuku, kwani hapa tunazungumzia sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Na kinyume na nyumba, hapa karatasi inaweza kuwa ya kweli kuliko kitu chenyewe. Kipuri kilichotumika kimelika. Ukikipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vitu vidogo kwa usahihi, unapata kipimo cha uchakavu wake, na karakana itakuchongea kipya ambacho kimechakaa tangu siku ya kwanza. Kalipa itumie pale penye namba isiyosomeka, na upime sehemu ambayo haisuguani na kitu.

Mipaka ya kiwanja usiifuatishe kwa njia yoyote. Majira ya bikoni, yaani alama za mpaka, yameandikwa kwenye ramani ya upimaji, yaingize hayo. Angalia pia mfumo wa majira hayo: ramani nyingi za zamani zilitumia Arc 1960, ilhali simu na GPS hutumia WGS 84, na ukichanganya mifumo hiyo miwili kiwanja kinahama takriban mita 300. Kwa jambo la mpaka mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa.

Jengo lililokwisha kubomolewa na ramani yake haina namba: fuatisha, huna njia nyingine. Tafuta kwenye picha za zamani kitu kimoja ambacho bado kipo na unaweza kukipima, na uandike ndani ya faili kwamba vipimo ni vya makadirio.

Programu, kwa ufupi

AutoCAD hulipiwa kila mwaka au mwezi na ofisi nyingi huitumia. LibreCAD ni ya bure, ni ya urefu na upana tu bila kimo, inahifadhi DXF, na kwa kuchora nyumba kwa namba haikupungukii chochote cha msingi. Ukitaka nyumba isimame ikiwa na kimo, FreeCAD nayo ni ya bure. Ila kabla ya kuahidi modeli, tafuta mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima. Ramani ya sakafu haina kimo cha lenta, haina mwinuko wa kenchi, haina kina cha msingi, na mtu asiyekuwa na mkato atajaza vimo hivyo kwa mazoea. Mkato ukikosekana, vimo navyo vinapimwa.

Kabla hujalipa

Mwombe aliyefanya kazi alifungue faili mbele yako. Chagua kuta tatu mwenyewe, asikuchagulie, abofye kila mmoja, na ulinganishe namba na karatasi yako. Mwambie apime ulalo mmoja wa nyumba nzima, nawe uwe umeupima nyumbani. Kuta, milango, vipimo na ile picha ya skana viwe kwenye leya tofauti, ili mwingine akija aweze kuizima picha au kuirudia. Dai picha ya skana yenyewe kwenye flashi pamoja na faili, na karatasi yako uondoke nayo siku hiyohiyo. La mwisho, dai orodha ya namba alizozitilia shaka na alivyoziamua. Ramani ya mkono ya miaka mingi haikosi namba mbili tatu za namna hiyo, na asiyekuwa na orodha yoyote mrudishe kwenye jumla za vipimo, azifanye mbele yako.